Sekunde Arobaini za Mzee Issa

Natangaza rasmi, kwa faida ya wasomaji wa gazeti hili na vizazi vijavyo, kwamba mimi, Anifa Abbasi, mwenye umri wa miaka kumi na saba, ndiye mwanzilishi wa Mapinduzi ya Habari mkoani Tabora.

Mapinduzi hayo yalidumu siku tano. Siku ya sita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kituo cha polisi, katikati ya mjomba wangu na mwanamume aliyekamatwa na mbuzi asiye wake.

Kwa waliokuwa shambani wiki hizi mbili: nilirudishwa nyumbani kutoka bweni kwa siku ishirini na moja. Kosa langu lilikuwa karatasi moja tu, niliyoibandika kwenye mlango wa jiko la shule, ikisema kwamba kuanzia Jumatatu maharage yamefutwa kwa amri ya Mkuu wa Shule. Wapishi wetu ni watu watiifu. Jumatatu wasichana mia nne walishinda na uji.

Baba hakunipiga. Alifanya jambo baya zaidi. Alinipeleka kufanya kazi kwa Mjomba Abdulatifu.

Mjomba hupiga video za arusi na misiba, kuanzia Nzega hadi Sikonge. Ana imani moja maishani: kisichopigwa picha hakikutokea. Kwa hiyo hupiga kila kitu. Arusi moja ya Mjomba ina saa sita, zikiwemo dakika ishirini za sufuria la pilau likisubiri kuiva.

"Mjomba, nani hutazama yote haya?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Wenyewe."

"Yote?"

"Wanatazama mpaka wajione. Wakishajiona wanalala."

Hapo ndipo nilipopata wito wangu.

Nilimweleza kwamba siku hizi kuna programu ya akili mnemba. Unaipa video ndefu, inaitazama kwa niaba yako, inachagua vipande vyenye moto, inavikata, inaweka maandishi na muziki, kisha inakukabidhi video fupi za kutupia mtandaoni. Kazi ya wiki, robo saa.

Mjomba alinitazama kama mtu aliyeambiwa kuna mashine ya kula ugali kwa niaba yake.

"Inajuaje kipi kina moto?"

"Inajua tu, Mjomba. Imesoma."

"Imesoma wapi?"

"Kila mahali."

"Basi haijafika Tabora," akasema. Siku chache baadaye akaenda zake Nzega kupiga arusi, akaniachia kompyuta. Huyo ndiye mjomba wangu. Hana imani na mashine, lakini ana imani na mimi.

Video ya kwanza niliyoikuta kwenye kompyuta ilikuwa ya mazishi ya Mzee Silasi wa Ipole. Saa tatu na dakika arobaini.

Mzee Silasi alikuwa mfuga nyuki, Mmoraviani, mtu wa maneno machache na asali nyingi. Kila alipoleta asali mjini alikaa kwenye benchi la rafiki yake Mzee Issa, muuza kahawa wa karibu na stesheni. Miaka thelathini, benchi lile lile.

Mzee Issa ni Mzaramo. Babu wa babu yake alikuja na msafara kutoka pwani, akachoka kurudi. Familia yao imekaa Tabora zaidi ya miaka mia, na bado tunamwita mtu wa kuja. Yeye naye, kila Mnyamwezi anayepita, humwita mpagazi. Sisi na wao ni watani.

Sasa, msibani mtani ana kazi yake. Wenye msiba wanalia, yeye anawachekesha. Anavaa koti la marehemu, anakaa kwenye kiti chake, anamtukana marehemu mbele ya watoto wake, na hakuna wa kumkasirikia. Kitu kimoja tu haruhusiwi: kulia. Akilia mtani, nani atabaki wa kuwafuta wengine machozi?

Basi siku ya mazishi Mzee Issa alijitupa mbele ya jeneza, akanyoosha mikono, akapiga kelele:

"Mnalia nini, wapagazi nyie? Aliyemuua ni mimi! Miaka thelathini namtilia kwenye kahawa, kidogo kidogo, hafi! Mgumu kama pembe! Juzi nikamwongezea kikombe kimoja. Haya, kiko wapi? Na jana nimelala usingizi mtamu!"

Mjane, Bi Recheli, akamjibu kutoka kwenye mkeka: "Muuaji wewe, ungeniongezea na mimi basi, nisikuone!"

Watu walicheka mpaka mchungaji akavua miwani.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika taa ya Mjomba. Nilicheka mpaka taa ikamulika juu ya mti.

Programu ikafanya kazi yake. Ikakata sekunde arobaini. Ikaniuliza kwa adabu: niondoe kelele za nyuma? Nikabonyeza ndiyo. Kelele za nyuma zilikuwa ni kicheko cha watu mia mbili, pamoja na jibu la Bi Recheli. Vikaondoka vyote. Ikaweka fidla ya huzuni. Ikausogeza uso wa Mzee Issa karibu, polepole, mpaka zikaonekana mboni za macho. Juu ikaandika kwa herufi nyekundu: MZEE AKIRI MSIBANI, "NILIMTILIA KIDOGO KIDOGO."

Ilichagua yenyewe. Mimi nilibonyeza tu.

Kisha kompyuta ikalalamika kwamba diski imejaa. Nikaifuta ile video ndefu. Asali nimekwisha kukamua, nikajiambia, masega ya nini?

Saa ya kwanza watazamaji kumi na wawili. Kufika jioni, elfu tisa. Kesho yake, laki tatu na themanini.

Nilitembea mjini kama mkuu wa mkoa. Hakuna aliyejua ni mimi, maana akaunti niliipa jina la Tabora Moto, lakini nilihisi hata mbwa wananipisha.

Siku ya tatu Mzee Issa aliingia studio na birika lake.

"Shikamoo, mla nazi," nikamwamkia.

"Marahaba, mla michembe ya viazi. Mjomba wako yuko wapi?"

"Nzega, babu."

Akaketi. Hakutania tena. Akamimina kahawa kwenye kikombe, akaninyooshea.

"Hebu onja."

Nikaonja. Ilikuwa kahawa yake ya siku zote, chungu kama ripoti yangu ya shule.

"Ina nini?" akauliza.

"Haina kitu, babu."

"Nami naona hivyo. Lakini tangu Jumatano nikimimina, mtu anakishika kikombe, ananitazama, anakiweka chini. Jana limeshuka kundi la abiria kwenye treni, nikafurahi. Hawakunywa. Walipiga picha na mimi. Mmoja akaniuliza, mzee, ni kile kikombe cha mwisho kilichofanya kazi? Nimekaa pale stesheni tangu ujana wangu, sijawahi kurudi nyumbani na birika limejaa."

Wasomaji, hapo mtu mwenye roho angesema. Mimi nilikunywa vikombe sita mfululizo, mikono ikanitetemeka hadi magharibi, nikaona nimetubu.

Nilitaka kuishusha ile video. Naapa. Lakini ilikuwa imefika laki nne kasoro kidogo, nikasema nisubiri itimie, ni dhambi kuvunja hesabu.

Ilipotimia, wengine walikuwa wameshaichukua na kuisambaza upya, na askari akawa amesimama mbele ya benchi la kahawa.

Afande Josepha alikuwa amehamia kwetu wiki mbili zilizopita. Mwanamke mpole, anayeandika polepole, asiyeandika jambo asilolisikia kwa masikio yake. Alimwita Mzee Issa, akamwita Mjomba, aliyekuwa amerudi kutoka Nzega, kwa sababu kando ya jeneza kilionekana kipaza sauti chenye jina lake, na akatuma habari Ipole aje mjane. Mimi nilikwenda kama msaidizi wa Mjomba. Nilibeba begi la kompyuta, uso wangu safi kama wa malaika.

"Mzee," Afande akaanza, "haya maneno ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulimtilia nini marehemu kwenye kahawa?"

"Tangawizi."

"Tangawizi haiui."

"Kwa Mnyamwezi, afande, huwezi kujua."

Mjomba akamkanyaga mguu. Afande akaweka kalamu chini.

"Mzee, mimi utani naujua. Hata kwetu kusini upo. Lakini mtani akisema, watu hucheka. Hapa nimetazama mara kumi. Hakuna aliyecheka. Hata mtoto."

Mzee Issa akakunja uso. "Walicheka," akasema. "Wote walicheka."

"Hapa hawakucheka."

Wakati huo Bi Recheli akaingia, vumbi la Ipole bado liko kwenye kitenge chake. Tukashusha pumzi. Mjane mwenyewe amefika, mambo yamekwisha.

Afande akamwamkia, akampa kiti, akamwonyesha Mzee Issa kwa kalamu. "Mama, unamjua huyu?"

Bi Recheli akamwangalia mtani wake toka kofia hadi kandambili. Nikaona kona ya mdomo wake inapanda. Moyo wangu ukashuka.

"Nisimjue vipi?" akasema. "Si ndiye aliyeniulia mume? Mfungeni! Mfungeni na birika lake! Na mkimfunga msimpe wali wa nazi, mpeni michembe mpaka aombe radhi!"

Mzee Issa akajipiga goti kwa kicheko. "Afande, umesikia? Shahidi huyo!"

Wakacheka wote wawili, wazee hawa, wakashikana mikono. Ilikuwa mara ya kwanza Bi Recheli kucheka tangu mazishi, aliniambia baadaye.

Kisha akasikia kalamu.

"Mbona unaandika, mwanangu?"

"Ni maelezo yako, mama. 'Ndiye aliyeniulia mume.'"

"Yafute."

"Maelezo hayafutwi."

"Ah! Nilikuwa namtania! Ni mtani wetu huyu! Mume wangu alikufa kwa moyo, daktari aliandika, karatasi iko nyumbani ndani ya Biblia!"

"Karatasi utaniletea," Afande akasema. "Lakini mama, dakika moja iliyopita umesema hivi, sasa unasema vile. Niandike lipi?" Akamgeukia Mzee Issa. "Mzee, tuokoe sote. Sema tu: nilikuwa natania, marehemu alikuwa rafiki yangu, nilimpenda. Niandike, unyanyuke."

Mzee Issa akaacha kucheka. Akatazama dirishani.

"Siwezi."

"Huwezi kwa nini?"

"Matanga hayajaanuliwa. Tunaanua Jumapili. Mtani haukani utani kabla ya matanga kuanuliwa."

"Hata kama unalala ndani?"

"Silasi amelala pabaya zaidi."

Mjomba akamnong'oneza, "Mzee Issa, sema tu, ni maneno matatu." Mzee akatikisa kichwa. Mimi niliona kidevu chake kinavyotetemeka, nikajua sababu nyingine. Akisema yale maneno matatu atalia. Na mtani halii.

Afande akafumba macho kidogo, kama mwalimu wa hesabu siku ya Ijumaa.

"Haya," akasema. "Nisikilizeni. Sekunde arobaini hizi zimekatwa mahali. Nipeni video nzima. Nikisikia watu wanacheka, jalada nalifunga sasa hivi na mzee anarudi kwenye birika lake. Nisiposikia, analala hapa mpaka karatasi ya daktari ifike na mkubwa wangu aisome, naye yuko safarini."

Mjomba akasimama, akapiga kifua. "Ninayo! Saa tatu na dakika arobaini! Sijakata hata chafya! Anifa, toa kompyuta."

Nikatoa kompyuta. Hakuna kompyuta iliyowahi kutolewa begini polepole namna ile.

Mjomba akaiwasha. Akafungua arusi. Akafungua kipaimara. Akafungua uzinduzi wa kisima. Akafungua arusi tena.

"Ilikuwa hapa," akasema.

"Kwenye kamera?" Afande akauliza.

"Kadi niliisafisha kwa ajili ya Nzega. Lakini ilikuwa hapa!" Jasho lilikuwa limemjaa. "Afande, wallahi, ilikuwa hapa."

"Video ni ya kwako, kompyuta ni ya kwako, ushahidi umefutwa," Afande akasema taratibu. "Na hii Tabora Moto nayo ni ya kwako?"

"Mimi? Mimi hata kutuma picha namtegemea mtu!"

"Tutajua." Akafungua simu yake. "Hapa chini wameandika: kwa kazi na matangazo, piga namba hii."

Akapiga.

Wasomaji, bweni linafundisha mengi. Linafundisha kwamba mahali salama pa kuficha simu ni ndani ya soksi. Halifundishi kwamba simu iliyo ndani ya soksi nayo hulia.

Mguu wangu wa kushoto ukaanza kuimba taarabu.

Mwenye mbuzi akajisogeza mwisho wa benchi, asije akahesabiwa pamoja nami.

"Pokea," Afande akasema.

Nikainama, nikaichomoa. "Haloo?"

"Haloo. Naitwa Afande Josepha. Niko mbele yako."

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kata simu, tuongee."

Nikasema. Nilisema kama mtoto anayetapika, kwa mikupuo. Akaunti ni yangu. Kicheko nilikiondoa mimi. Video nilifuta mimi, kwa sababu diski ilijaa.

"Umefuta msiba wa watu?" Mjomba akauliza. Hakufoka. Ningependa angefoka. "Anifa. Watu walinikabidhi msiba wao."

Bi Recheli akakaa chini, kitenge mdomoni.

Mzee Issa ndiye aliyenigeukia mwisho, na kwa mara ya kwanza hakuniita mpagazi wala mla michembe.

"Mjukuu wangu. Na ule mwisho je?"

"Upi, babu?"

"Watu walipokwenda kula. Nilibaki mimi kaburini. Kamera ya mjomba wako ilikuwa imesimama peke yake, kijitaa chake chekundu kinawaka. Nikasema na Silasi maneno kidogo, si ya utani. Nikajua Recheli ataletewa mkanda wa video, atayasikia siku moja, maana mimi kwa mdomo kumwambia siwezi." Akanisogelea. "Wewe uliyasikia?"

"Sikuyasikia, babu."

"Na hayo uliyazima sauti?"

"Sikutazama," nikasema. "Mashine ndiyo iliyotazama."

Kalamu ya Afande ikasimama. "Umewatupia watu laki nne kitu ambacho mwenyewe hukukitazama?"

"Ndiyo, afande."

"Ulisema nini, Issa?" Bi Recheli akauliza, kwa sauti ndogo.

"Matanga hayajaanuliwa, Recheli."

"Issa. Ulimwambia nini mume wangu?"

Mzee akafungua mdomo. Kidevu kikaanza tena. Akaufunga, akatazama dari.

Afande akachukua funguo kwenye msumari. "Mzee, samahani sana. Kicheko bado sijakisikia kwa masikio yangu. Vua mkanda."

Vidole vyake vya kushika vikombe vikaanza kuhangaika na mkanda. Akaufungua, akaukunja vizuri, akamkabidhi. Suruali ikabaki mkononi mwake, akaishika kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Swali moja la mwisho, binti," Afande akasema bila kunitazama. "Hayo maandishi mekundu, mzee akiri. Nayo iliandika mashine?"

Wasomaji, mnakumbuka niliwaambiaje. Niliwaambia ilichagua yenyewe, mimi nilibonyeza tu. Nimeandika hivyo humu humu, aya chache huko juu, na nilikuwa nimepanga kuiacha ibaki hivyo.

"Ilileta matatu, afande," nikasema. "Nichague moja."

"Mengine yalisemaje?"

"La pili sikumbuki."

"La kwanza?"

Mzee Issa alikuwa amefika mlango wa mahabusu, ameshika suruali. Akageuka kunisikiliza.

"La kwanza lilisema: Mtani awavunja watu mbavu msibani." Nikamgeukia Mzee Issa. "Nililisoma. Nilijua ndilo la kweli. Nikaona halina moto."